Neno Lililopotea Njiani

Tumesoma kitabu cha hadithi alichokitunga R. F. Kuang kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 2022. Jina lake ni Babel, nanyi mnaujua mnara ule ambapo lugha za watu zilichafuliwa. Katika hadithi hiyo, wataalamu wa Oxford huchora maneno ya lugha mbili juu ya kipande cha madini ya fedha. Maana inayopotea kati ya neno na tafsiri yake hugeuka kuwa nguvu ya kuendesha meli na viwanda. Vijana walioletwa kutoka Uchina na Uhindi hutoa lugha zao. Faida hubaki Uingereza.

Je, hiyo ni ndoto tu? Fedha ya namna ile haipo. Lakini maana inayopotea ikawapa wengine nguvu, hiyo nchi yetu imeionja.

Tarehe 1 Aprili 1884, kule Kongo ya chini, machifu wa Ngombi na Mafela walitia alama katika mkataba wa Chama cha Kimataifa cha Kongo, chombo cha mfalme Leopold II. Kila chifu aliahidiwa kipande kimoja cha nguo kwa mwezi, pamoja na zawadi ya nguo siku ile. Karatasi ilisema kwamba wametoa utawala wa nchi zao zote, na tena watatoa watu wa kazi. Lugha yake haikuwa yao. Kati ya neno la mgeni na neno la mwenyeji, nchi ikapotea.

Mwaka 1908 Ubelgiji iliitwaa Kongo. Sheria ya tarehe 18 Oktoba mwaka ule iliagiza amri zitangazwe kwa Kifaransa na Kiflamandi. Lugha mbili, wala hakuna hata moja ya mama zetu.

Kiswahili nacho hakikuzaliwa hapa. Kilifika ziwani Tanganyika pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Mapadri Weupe, waliofika Ujiji mwaka 1879, walikitumia kufundishia. Lakini wazee wetu walikifanya chao, na leo Mfuliiru, Mvira na Mbembe husikilizana nacho sokoni Uvira. Katiba ya mwaka 2006 inakihesabu kati ya lugha nne za taifa. Lugha rasmi ni Kifaransa.

Basi tujifunze nini? Vijana wa hadithi ile huona kwamba bila kutumia nguvu hakuna haki. Sisi wa Lubarika twaona kazi nyingine iliyo karibu. Karatasi ya shamba ikija, isomwe mbele ya wote kwa lugha ya mwenye shamba, kabla kidole hakijatiwa wino. Anayejua Kifaransa awe mkalimani mwaminifu, asiuze maana. Watoto wajifunze Kifaransa kwa bidii, na Kifuliiru wasikisahau. Machifu wale hawakukosa akili. Walitia alama chini ya maneno yasiyo yao.