Palizi: neno la shambani kwa kazi ya programu

Septemba 2022 lilitoka toleo la 3.8 la grep, programu ndogo ya mradi wa GNU inayotafuta maneno ndani ya faili. Mafundi waliolisakinisha wakakutana na jambo geni. Ukichapa egrep, amri iliyozoeleka tangu miaka ya 1970, kazi inafanyika kama siku zote, lakini unatokea pia mstari mmoja wa onyo: egrep inachakaa, inatumika grep -E. Hapakuwa na hitilafu wala kitu kilichovunjika. Watunzaji wa programu hiyo walikuwa wamefanya kazi ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina lake.

Kwa Kiingereza kazi hiyo inaingia chini ya neno maintenance, na sisi tukiulizwa tunajibu upesi: matengenezo. Wengine husema ukarabati, usafishaji au utunzaji. Yote ni maneno mazuri, ila kila moja lina mwelekeo wake.

Matengenezo yanatupeleka kwenye kilichoharibika. Gari linaenda kwenye matengenezo likianza kugonga, na barabara inafungwa kwa matengenezo ikishajaa mashimo. Ukarabati una siku ya kuanza na siku ya kukabidhi, kama jengo lenye kibao cha mkandarasi. Usafishaji ni wa vumbi, na vumbi likifutwa meza haiumii, kwa kuwa halikuwa sehemu ya meza. Msimbo usiohitajika si vumbi. Una mizizi, nayo imeshikana na mizizi ya msimbo unaohitajika. Utunzaji ni neno pana na la heshima, na mwenye dhamana ya programu tuendelee kumwita mtunzaji. Lakini halisemi mikono yake inafanya nini asubuhi anapofungua kompyuta.

Ninapendekeza palizi.

Palizi ni kazi ya msimu kwa msimu. Mahindi yakishaota kuna palizi ya kwanza, kisha ya pili, na hakuna mkulima anayeona aibu kwamba magugu yamerudi. Mvua iliyootesha mahindi ndiyo iliyootesha magugu. Programu nazo ziko hivyo. Chaguo liliongezwa kwa ajili ya mashine ambayo leo haipo. Njia ya mkato iliwekwa kwa sababu siku ile ilifaa. Aliyeviweka hakukosea, ila msimu umebadilika.

Turudi kwa egrep. Katika Unix ya mwaka 1979 kulikuwa na programu tatu za kutafuta maneno: grep, egrep na fgrep. Hizi mbili za mwisho zilitoka mikononi mwa Alfred Aho, kila moja na njia yake ya kutafuta. Kiwango cha POSIX cha mwaka 1992 kiliziunganisha zote chini ya grep, yenye chaguo la -E na la -F. Katika GNU, egrep ikabaki skripti fupi tu: ukiiita, nayo inaiita grep -E. Mwaka 2007, katika toleo la 2.5.3, ikatangazwa kwamba haifai kutegemewa tena. Onyo la kwenye skrini limekuja miaka 15 baadaye. Hata hapo halisemi imechakaa, linasema inachakaa. Hiyo -na- ina maana kubwa: mmea bado uko ardhini, na wanaoutegemea wanapewa muda.

Wanaoutegemea ni wengi. Skripti za zamani zilizokuwa kimya kwa miaka zikaanza kutoa maneno ambayo hayakutarajiwa, na baadhi ya wasambazaji wa mifumo wakalizima onyo hilo. Mtu wa pwani ataelewa kwa nini. Mchunga huota wenyewe shambani, na mwenye shamba anaweza kuuhesabu kuwa gugu. Lakini jirani anapita kuuchuma, na jioni uko chunguni kama mboga. Ndiyo maana mpaliliaji mwenye busara huuliza kabla ya kung'oa. Hutazama pia kwa makini, kwa sababu katika mpunga mchanga kuna magugu yanayofanana na mpunga wenyewe, na jembe la mwenye haraka huondoka na vyote. Mstari wa ajabu ndani ya msimbo, usioeleweka kwa mara ya kwanza, huenda ndio unaozuia faili la mtu lisifutwe.

Mashamba mengine huachwa mpaka yakawa pori. Aprili 2014 ilipofichuka hitilafu ya Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, watu wa mfumo endeshi huria wa OpenBSD walichukua nakala ya msimbo wake na kuanzisha LibreSSL. Katika wiki ya kwanza waliondoa zaidi ya mistari 90,000. Humo mlikuwa na msimbo wa kuhudumia mifumo iliyokwisha kuzikwa, kama OS/2 na Windows ya biti 16.

Watu hao hao wametuonyesha palizi ya kawaida inavyofanywa, bila kusubiri janga. Tangu toleo la 5.9 la mwaka 2016, programu ndogo za OpenBSD huanza kazi kwa kiapo kiitwacho pledge. Chukua cat, ambayo kazi yake ni kusoma faili na kulitoa kwenye skrini. Inaapa mambo mawili tu: itasoma na kuandika kwa njia za kawaida, na itafungua faili kwa ajili ya kulisoma. Ikijaribu kufungua mtandao, kiini cha mfumo kinaiua papo hapo. Ili kila programu iweze kuapa, ilibidi mtu akae nayo, aisome, ajue inahitaji nini hasa na haihitaji nini. Mtumiaji wa cat hakuona tofauti yoyote. Palizi nzuri haionekani. Kinachoonekana ni mavuno.

Pingamizi ninalolitarajia ni kwamba magazeti yetu huandika kupalilia chuki na kupalilia rushwa, yaani kuvistawisha. Je, neno lenye sura mbili litafaa kuwa istilahi? Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Sikiliza sarufi ya mkulima: anapalilia mahindi, hasemi anapalilia magugu. Kitendo huelekezwa kwa kinachopaswa kuishi. Anayepalilia chuki anaitunza chuki ikue, na anayepalilia programu anaitunza programu. Basi tuseme kupalilia msimbo, tusiseme kupalilia hitilafu. Neno lenyewe linatukumbusha kwamba lengo si kufuta mistari mingi. Lengo ni mmea upate hewa.

Istilahi njema huzaa, na hii ina uzazi. Kuna palizi, kuna mpaliliaji, kuna msimbo uliopaliliwa na msimbo usiopalilika kwa jinsi ulivyosongana. Ni neno fupi, na halihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kushika jembe.

Maneno ya mtumiaji wa kompyuta tunayo: faili, hifadhi, bandika, futa. Maneno ya karakana, ya mtu anayeijenga na kuilea programu, bado ni machache, na vijana wetu wanaochangia programu huria wanaieleza kazi yao kwa lugha ya kuazima. Kazi isiyo na jina ni vigumu kuiombea muda, na ni vigumu zaidi kuiombea malipo. Kwa hiyo, wewe unayeandika msimbo, anza na ujumbe wa badiliko lako lijalo. Andika hivi: "Palizi: nimeondoa egrep, nimeweka grep -E." Atakayeusoma atajua umefanya nini, na atajua shamba lina mwenyewe.