Chuma Chenye Hali Mbili: Kutoka Makaa ya Ngaka

Mwaka 1932 mwanajiolojia G. M. Stockley alichapisha utafiti wake juu ya makaa ya mawe ya bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, ambamo miamba ya Ngaka imo. Mwaka mmoja kabla yake, mjini Milan, Luciano Cambi na László Szegő walikuwa wameripoti tabia ya ajabu ya chuma: katika kampaundi walizozipima, usumaku ulibadilika kwa namna isiyotarajiwa joto lilipopanda au kushuka.

Tangu uchimbaji uanze mwaka 2011, Ngaka inajulikana kwa malori ya makaa. Chuma hakitajwi. Lakini makaa ya mawe kwa kawaida huwa na punje za pairaiti, zile za njano zinazometameta zilizowaponza wengi wakidhani wameokota dhahabu. Ni chuma na salfa, ila ukizisogezea sumaku ya kawaida, hazistuki. Zikiungua huacha oksidi ya chuma, nayo hulitia jivu wekundu.

Siri iko kwenye elektroni. Chuma cha pairaiti kina elektroni sita za kupangwa. Fikiria basi la Mbamba Bay lenye viti vitano vya watu wawili wawili, vitatu mbele na viwili nyuma kwenye mwinuko. Mwinuko ukiwa mkubwa, abiria sita hubanana wawili wawili mbele. Ukiwa mdogo, hutawanyika, na wanne hukaa peke yao. Elektroni zisizo na mwenzi ndizo huleta usumaku. Katika pairaiti zote zimebanana.

Moto wa jikoni, hata hivyo, hugeuza pairaiti kuwa kitu kingine kabisa. Walichokigundua Cambi na Szegő ni kigumu zaidi kusadiki: kampaundi inabaki ileile, elektroni tu ndizo zinahama viti, na ikipoa zinarudi.

Mwaka 1936 Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba damu nayo ina mchezo huo: chuma chake hupoteza usumaku kinapobeba oksijeni. Baadaye zikaja kampaundi za chuma na triazoli, molekuli ya pete yenye naitrojeni, ambazo kwangu ndizo zinazovutia kuliko zote. Moja ni ya zambarau. Ukiipasha hadi kama nyuzi 110 za Selsiasi hupauka, lakini haiirudii zambarau mpaka ipoe hadi karibu 70. Katikati ya hapo, rangi yake inakueleza ilikotoka, na ndiyo maana wahandisi waliitamani kwa kutunza kumbukumbu. Mwaka 1984 watafiti wa Mainz, Ujerumani, walionyesha njia nyingine: kwenye baridi kali, waliigeuza hali ya chuma kwa mwanga peke yake.

Shinikizo nalo hufanya kazi hiyohiyo. W. S. Fyfe alilibashiri hilo kwa miamba ya kina mwaka 1960. Mwaka 2003 kundi la James Badro lililipima maabarani. Kwa vipimo hivyo, kwenye kina cha kama kilomita 2,000 chini ya Ziwa Nyasa, kama ilivyo chini ya nchi nyingine zote, elektroni za chuma katika madini waliyoyapima zimebanana mbili mbili.