Ziwa Letu Katika Kitabu cha Saikolojia

Makala haya yametokana na swali. Nilikuwa Nyegina, kijiji kisicho mbali na mji wa Musoma, nikiwasaidia walimu kadhaa wanaojiendeleza kielimu kupitia dhana kuu za kozi ya utangulizi wa saikolojia kabla ya mtihani wao. Tulikuwa tumekwisha kupita maabara ya Wilhelm Wundt iliyoanzishwa Leipzig mwaka 1879, mbwa wa Pavlov, ndoto za Freud na watoto wa Piaget, ndipo mwalimu mmoja alipouliza: "Dokta, sisi tumo wapi katika somo hili?"

Swali hilo ni la kihistoria, na jibu lake ni kwamba tumo, tena kwa muda mrefu. Baadhi ya dhana ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huzikariri kana kwamba zilitufikia kutoka Ulaya zikiwa zimekamilika, zilipata umbo lake hapa hapa, katika nchi zinazolizunguka Ziwa Victoria. Lakini tumo zaidi kama watu waliotazamwa, na matokeo yalitegemea sana tabia ya mtazamaji. Hiyo ndiyo hoja ya makala haya: dhana ya saikolojia ikitenganishwa na historia yake huwa chombo cha hatari mikononi mwa mwalimu, hakimu au afisa ustawi wa jamii.

Tuanze na dhana ya mfungamano wa mtoto na mlezi. Vitabu vingi humtaja John Bowlby wa London, kisha hurukia Baltimore, Marekani, ambako Mary Ainsworth alibuni jaribio lake maarufu la kumwacha mtoto kwa dakika chache katika chumba kigeni ili kuona anavyompokea mama yake akirejea. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya Baltimore palikuwa na Buganda. Mwaka 1954 Ainsworth alifika Kampala, akafanya kazi chini ya taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, na kwa miezi kadhaa akazitembelea nyumba za familia 26 katika vijiji vya jirani, akiwa na mkalimani wake. Alikuja na swali lake tayari. Alitaka kuchunguza mtoto anavyoathirika anapoachishwa ziwa kwa kupelekwa mbali na mama. Alipofika alikuta desturi hiyo haifuatwi kwa kiwango alichokitarajia. Akalibadili swali, akaketi sebuleni na kutazama. Hapo ndipo alipomwona mtoto akitambaa kumwacha mama, akigeuka kumtazama, akienda mbele tena kwa sababu anajua pa kurudi. Kitabu chake kuhusu watoto wachanga wa Uganda kilichapishwa mwaka 1967. Wazo kwamba mlezi ni kituo salama anachoanzia mtoto safari ya kuujua ulimwengu lina deni kubwa kwa akina mama wa Kiganda.

Tukiliacha ziwa na kuelekea mashariki hadi Nairobi, tunakutana na mtazamaji wa aina nyingine. J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1938 bila kuwa amesomea tiba ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha andiko lake kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Humo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya kikoloni ya Kenya ripoti kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Katika ripoti hiyo uasi ulielezwa hasa kuwa matokeo ya nafsi zilizovurugika kati ya mila na usasa, na suala la ardhi likasukumwa pembeni. Aliunga mkono pia kuwakusanya watu katika vijiji vya ulinzi. Zaidi ya watu milioni moja wa Kenya ya kati walihamishiwa katika vijiji hivyo. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa daktari wa akili, alimjibu mwaka 1961: watu waliokandamizwa walikuwa wakipimwa na mfumo ule ule uliowakandamiza.

Tofauti kati ya wawili hawa haikuwa ya rangi, lugha wala cheti. Ainsworth aliwaruhusu watu wamsahihishe. Carothers alikuwa na jibu kabla ya kuuliza.

Turudi sasa ziwani, ng'ambo ya magharibi. Tarehe 30 Januari 1962, siku 52 baada ya Uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, upande wa Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali ikaenea hadi wanafunzi 95 kati ya 159. Shule ilifungwa mwezi Machi, wasichana wakarudi makwao, na hali ile ikaibuka Nshamba na kwingineko. Madaktari Rankin na Philip, walioliandika tukio hilo mwaka 1963, walitafuta sumu na maambukizi wasivipate, wakahitimisha kuwa ni histeria ya halaiki. Leo dunia inalikumbuka tukio hilo kama kichekesho, "ugonjwa wa kicheko wa Tanganyika". Lakini hapakuwa na furaha. Palikuwa na kilio, hofu na kukosa utulivu, na vipindi hivyo vilikuja na kuondoka. Watafiti wa baadaye wamelihusisha na msongo uliokosa njia nyingine ya kusemwa: mabinti waliokuwa kati ya nidhamu kali ya bweni, matarajio ya wazazi na taifa lililobadilika ghafla.

Nawaomba walimu wakuu walizingatie hili. Wasichana wanapoanguka mmoja baada ya mwingine shuleni, sisi huwa na maelezo mawili tu: mapepo au maigizo. Kashasha inatupa la tatu. Mwili unaweza kusema kweli ambayo kinywa hakina ruhusa ya kuitamka. Kwa hiyo, pamoja na kumwita tabibu, tuwaulize wasichana wenyewe wanaishije.

Dhana ya mwisho ndiyo inayogusa watoto wengi zaidi, nayo ni akili. Mallory Wober alichunguza maana ya akili kwa Waganda na kuchapisha matokeo mwaka 1974. Wanakijiji waliihusisha akili na utulivu na kwenda polepole kwa uangalifu, ilhali mtihani wa darasani humtuza anayejibu upesi. Mwaka 2002 Robert Sternberg na wenzake, wakiwamo Watanzania, walichapisha utafiti uliohusu watoto 458 wa shule za eneo la Bagamoyo. Watoto walipewa majaribio, wengi wao wakafundishwa mbinu kwa muda mfupi, kisha wakapimwa tena. Waliofundishwa walipanda, na alama za mwanzo hazikutosha kutabiri nani angefanya vizuri baadaye. Kwa maneno mengine, kipimo cha siku moja kilikuwa kimepima zaidi mazoea ya kupimwa.

Nyegina inalijua somo hili kwa njia yake. Hapa ndipo kijana wa Kizanaki kutoka Butiama alipobatizwa Desemba 1943 na kuchukua jina la Julius. Alikuwa ameanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na miaka 12, umri ambao leo tungesema mtoto huyo amechelewa sana. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikosoa mitihani inayopima uwezo wa kukumbuka na kuacha tabia na moyo wa kutumikia, tena elimu inayomfanya kijana adhani maarifa yote yamo vitabuni na mzee wake hajui kitu. Hakuwa akiandika kitabu cha saikolojia, lakini swali lake ndilo lile la Wober: nani amepewa mamlaka ya kusema akili ni nini?

Sishauri tuitupe kozi hii. Wundt na Pavlov wasomwe, tena kwa makini. Ninachodai ni kila dhana ifundishwe pamoja na maswali matatu: ilipatikana kwa kuwatazama nani, aliyetazama alikuwa tayari kusahihishwa, na nani aliamriwa kuhama au kukaa kwa sababu yake? Mwanafunzi ayaulize kabla ya kukariri. Mwanaharakati ayaulize anapoletewa takwimu kuhusu "mtazamo wa wanakijiji". Na mtumishi wa umma ayaulize kabla ya kuandika kwenye jalada kwamba mtoto fulani ni mzito, au kwamba mama anayemwachia bibi mtoto wake hamjali. Wino wa jalada ukishakauka, mtoto hana pa kukata rufaa.