Kalamini ya moteri: kazi ya nyumbani tangu wakati wa Ford

Mtu akileta grupu yake kwa fundi kwa sababu inawaka lakini haina nguvu, mara nyingi fundi anaanza na shapuma. Anaifungua, anaigonga chini, na masizi meusi yanamwagika. Mafundi wetu wanayaita kalamini, neno la Kifaransa. Wengi wanadhani ni ugonjwa wa mashine za bei ndogo. Sivyo. Ni ugonjwa wa zamani kama moteri yenyewe, na kuna miaka ambayo mwenye gari wa Marekani au Uingereza aliutibu mwenyewe, nyumbani kwake.

Kalamini inatoka wapi? Esanse isiyoungua yote, pamoja na oili inayopenya pembeni ya pistoni, inabaki juu ya chuma na kukauka kama ukoko wa chungu. Ukoko ukiwa mnene, nafasi ya kubana hewa inapungua. Tena vipande vyake vinabaki vyekundu kama makaa, vinawasha esanse kabla ya buji. Hapo moteri inaanza kugonga.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kuifikia kalamini ilikuwa shida, kwa kuwa katika moteri nyingi silinda na kifuniko chake, kulasi, vilikuwa chuma kimoja. Wenye magari walimimina petroli ya taa kupitia tundu la buji, wakaiacha usiku kucha ilainishe ukoko. Asubuhi gari lilitoa moshi ambao, nadhani, majirani hawakuupenda. Garaji nyingine zilipuliza oksijeni ndani na kuichoma kalamini humo humo.

Mwaka 1908 Henry Ford alitoa gari lake la Model T, na kulasi yake ilifunguka. Hadi 1927 yalitengenezwa zaidi ya milioni 15, mengi yakaenda kwa wakulima walioishi mbali na garaji yoyote. Kitabu alichopewa mnunuzi kiliandikwa kwa maswali na majibu, na swali moja lilikuwa hili la kalamini. Jibu lilikuwa la kawaida kabisa: mwaga maji, fungua boliti 15 za kulasi, kwangua ukoko kwa kisu butu au bisibisi, angalia vipande visiingie katika silinda wala katika matundu ya boliti, kisha rudisha. Kiwanda hakikuona haya kumwambia mteja kwamba mashine yake itachafuka na kwamba ataisafisha mwenyewe. Leo ni wachache wanaosema hivyo.

Lakini wengine walitafuta njia ya kunyamazisha kule kugonga bila kufungua kitu. Mwaka 1921, huko Dayton, Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba risasi kidogo (ile metali) ikichanganywa katika esanse, moteri inatulia. Mwaka 1923 ikaanza kuuzwa. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa sumu yake, wengine wengi wakalazwa. Biashara iliendelea. Na kwa kuwa risasi nayo iliacha ukoko wake, waliongeza dawa nyingine ya kuitoa kwa shapuma, yaani barabarani, puani mwa watu. Iliyobaki ndani, mwenye gari aliikwangua ikiwa kavu na kuvuta vumbi lake. Afrika kusini ya Sahara iliacha esanse hiyo kufikia mwaka 2006. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021. Kwa hiyo moteri ya zamani iliyolala ghalani tangu miaka ile inaweza kuwa na risasi katika kalamini yake. Ilowanishe kwanza, na watoto wakae mbali.

Oili bora na esanse yenye dawa ya kusafisha ziliifanya kazi hii isahauliwe Ulaya na Marekani. Marekani iliilazimisha dawa hiyo mwaka 1995. Kwetu haikusahauliwa. Esanse ya chupa ya Kadhafi wa kando ya barabara hatujui imechanganywa na nini. Kitabu cha grupu nyingi ndogo kinaomba sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za esanse, lakini wengi wetu tunapima kwa jicho. Oili ikizidi, shapuma inaziba. Ikipungua, pistoni inakwama, na hiyo ni hasara kubwa zaidi.

Jambo moja la kitabu cha Ford halifai tena. Pistoni zake zilikuwa chuma kigumu, zilivumilia bisibisi. Pistoni na kulasi za grupu na pikipiki zetu ni aluminiamu, chuma laini kinachochanika. Fundi mwangalifu anatumia kijiti kilichochongwa au kipande cha plastiki, na petroli ya taa ya kulainisha.

Kwa familia zilizokimbia vita na kuishi chini ya mahema yanayogusana, kazi hii isifanywe ndani wala karibu na mbabula, hata kama mvua inanyesha. Moteri ipoe kabisa, waya wa buji utolewe, esanse ifungwe na kupelekwa mbali. Masizi yenye mafuta yafukiwe mbali na mahali pa kuchota maji.