Plastiki Iliyoanzia kwenye Maziwa Mala

Ukiniuliza, historia ya plastiki inayooza ianzie kwenye kibuyu. Kinachoyapa maziwa mala ule ukali wake ni asidi ya laktiki, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na sukari ya maziwa bila kuagizwa na mtu. Mwaka 1780 mfamasia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliitenga kutoka kwa maziwa yaliyochacha. Malighafi basi ilishajulikana, ilibaki kuiunganisha.

Mwaka 1932 Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont, Marekani, walieleza jinsi molekuli mbili za asidi hiyo zinavyofungwa kuwa pete iitwayo laktidi, kisha pete hizo zikafunguliwa na kushikana kuwa mnyororo. Hiyo ndiyo PLA. Shida ni kwamba nyenzo yao ilikuwa dhaifu, na maji yaliivunjavunja. Nani angenunua soksi za kuharibika kwa kufuliwa? Carothers akaja na nailoni mwaka 1935, na dunia ikaifuata.

Waliokuja kuupenda udhaifu huo ni madaktari. Katika miaka ya 1970 nyuzi za kushonea vidonda zenye laktidi ziliingia hospitalini: zinashikilia kidonda, halafu mwili wenyewe unazimaliza. Baadaye kampuni ya Cargill ikageukia mahindi, na mwaka 2002 kiwanda kikubwa kikafunguliwa Blair, Nebraska. Wanga wa mahindi unageuzwa sukari, vijidudu vinaichachusha, asidi inapatikana. Kibuyu kile kile, ila cha chuma.

Nasi Kenya tulipiga marufuku juala tarehe 28 Agosti 2017, na tangu hapo neno "inaoza" limekuwa la biashara. Hapo ndipo naona tusiharakishe. PLA huoza vizuri kwenye mitambo ya mboji, penye unyevu na joto la karibu nyuzi 60. Ukiitupa mtaroni, au ikifika Bahari ya Hindi, itakaa miaka kama plastiki nyingine. Ganda la ndizi huoza popote. Hii huchagua mahali, na mahali penyewe lazima pajengwe.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kikombe cha kuoza, muulize: kinaozea wapi, na nani atakipeleka huko?