James Hong: Kazi zaidi ya 600, nyota akiwa na miaka 93

Kama watoto wa nyumbani kwako wanairudia Kung Fu Panda kila wikiendi, basi sauti ya James Hong unaijua. Ndiye Bw. Ping, yule bata bukini muuza tambi aliyemlea Po kama mwanawe wa kumzaa.

Hiyo ni moja tu. Mzee huyu ameonekana au kusikika katika kazi zaidi ya 600: filamu, vipindi vya televisheni na michezo ya video. Staa mkuu amekuwa mara chache mno.

Alizaliwa Februari 22, 1929 mjini Minneapolis, Marekani, katika familia ya Kichina. Alisomea uhandisi wa ujenzi Chuo Kikuu cha Southern California, akaajiriwa idara ya barabara ya Kaunti ya Los Angeles. Kuigiza alikufanya kwa siku za likizo. Mwaka 1954 alitokea kwenye kipindi cha You Bet Your Life, akamuiga mtangazaji wake, Groucho Marx, mbele ya macho yake. Watu wakacheka, simu za kazi zikaanza.

Kazi zenyewe sasa! Hollywood ya enzi hizo ilimpa Mchina nafasi ya dobi, mpishi au jambazi. Mhusika mkuu, hata akiwa Mchina, alichezwa na mzungu aliyepakwa vipodozi. Kwenye tamthilia ya mpelelezi Charlie Chan ya 1957, Hong alikuwa mtoto wa Chan. Baba mtu? J. Carrol Naish, Mmarekani mwenye asili ya Ireland.

Hong hakususa, maana kususa kulikuwa na maana ya kukosa kazi kabisa. Ila mwaka 1965 yeye, Mako na wenzao walianzisha East West Players, kundi la maigizo la Los Angeles ambako Wamarekani wenye asili ya Asia wangecheza nafasi yoyote. Kundi hilo lipo hadi leo.

Huku akaendelea kujaza nafasi ndogo ambazo hazisahauliki: mtumishi katika Chinatown (1974), fundi wa macho bandia katika Blade Runner (1982), mchawi Lo Pan katika Big Trouble in Little China (1986). Huyo Lo Pan ndiye bora kuliko wote, mtamtafuta wenyewe.

Mwaka 2020 mwigizaji Daniel Dae Kim alichangisha fedha mtandaoni ili Hong apate nyota kwenye barabara ya mastaa, Hollywood. Alikabidhiwa Mei 2022. Mwaka huohuo alicheza babu katika Everything Everywhere All at Once, filamu iliyokuja kuzoa Oscar saba.

Waigizaji wa filamu hiyo walipopewa tuzo ya chama cha waigizaji Marekani, Februari 2023, Hong alishika kipaza sauti. Alikumbusha kuhusu The Good Earth ya 1937, ambayo wazungu waliocheza Wachina walivutwa macho kwa utepe kwa madai kwamba Waasia hawauzi tiketi. Ukumbi ulimshangilia.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 95, alirudi kuwa Bw. Ping katika Kung Fu Panda 4.