Orijino, Mtumba na Feki: Safari ya Spea Dar es Salaam

Mteja anayetafuta boljointi ya Corolla katika maduka ya Gerezani, jirani na Kariakoo, huulizwa kwanza namba ya chesisi. Ikianza na NZE121, muuzaji mzoefu anajua kuwa injini ni ya familia ya NZ. Ikiwa AE110, ni ya familia ya A. Swali hilo ni la kizazi cha magari ya Japani. Kabla ya hapo mteja alikuwa na swali moja tu: spea ipo?

Na mara nyingi haikuwepo. Miaka ya 1970 barabara za Tanzania zilikuwa za Land Rover, Bedford, Leyland na Peugeot, na uagizaji ulikuwa umebanwa na leseni na fedha za kigeni. Mafuta yalipopanda bei, kisha Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikaikausha hazina, hali ikawa mbaya zaidi. Mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, yakalala yadi kwa kukosa vipuri, abiria wakasongamana vituoni, na mwaka 1983 Serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria jijini. Ndiyo daladala.

Uhaba huo uliwakomaza mafundi. Bushi ilikerezwa kwa mashine kutoka kipande cha chuma, gasketi ilikatwa kwa mkasi kutoka karatasi ngumu, na brekishuu iliyoisha ilivuliwa lainingi yake, ikapigiwa nyingine kwa ribiti. Magari yalitembea kwa sababu ya watu hawa, na historia ya usafiri wetu haijawapa heshima wanayostahili. Nairobi nako, eneo la Grogan, barabara inayoitwa leo Kirinyaga, likawa kitovu cha spea na mafundi wa jua kali. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwaeleza wataalamu kwamba kazi za namna hii ni sehemu halisi ya uchumi.

Mlango ulifunguka mwaka 1984, Tanzania iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Miaka ya 1990 yakamiminika magari yaliyotumika kutoka Japani, mengine yakipitia Dubai, na makontena ya spea yakafuata nyuma yake: injini, giaboksi, milango, taa, hata magari yaliyokatwa nusu. Hapo mtumba ukapata sifa. Kifaa kilichovuliwa kwenye gari la Japani ni kilekile kilichofungwa kiwandani, na wateja wengi walikiamini kuliko kipya kisichojulikana kimetoka wapi.

Boksi la spea mpya nalo lina historia yake. Denso ilikuwa idara ndani ya Toyota hadi 1949, ikajitenga, ikaendelea kuiuzia Toyota vifaa huku ikiuza pia kwa jina lake. Kwa hiyo kifaa cha Denso kisicho na nembo ya Toyota si feki, na bei yake mara nyingi ni nafuu. Namba husaidia pia: pedi za breki za mbele za Toyota huanza na 04465, za nyuma 04466, na machujio mengi ya oili 90915.

Tatizo ni kwamba hata namba huchapishwa na waghushi. Kenya ilitunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008. Nchini Tanzania, Tume ya Ushindani hutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 kukamata na kuteketeza bidhaa hizo. Msako huo ni wa lazima, lakini hauwezi kufika kila kaunta.

Mnunuzi basi atenganishe. Mlango, bampa, kioo cha pembeni au taa ya mtumba kutoka Japani ni ununuzi mzuri, na mara nyingi hukaa sawasawa kuliko kipya cha bei ya chini. Pedi za breki, beringi, shokapu na mkanda wa taimingi ni habari nyingine, maana umri wake hauonekani kwa macho. Hivyo vinunuliwe vipya, kwa muuzaji anayekubali kuandika jina la mtengenezaji kwenye risiti. Akikataa, nenda duka la pili.